Mwache Aikoki Mwenyewe

Nilivua beji Jumanne asubuhi, kaunta ikiwa na wateja wanne na simu inalia. Sikuwa nimepanga. Nilikuwa nimeamka, nimepika chai, nimempeleka Salma skuli na Hamza kwa jirani, nimefika duka la silaha mjini Savage, huku Marekani, kabla mlango haujafunguliwa, kama nilivyofanya miaka sita.

Akaingia Kerubo. Kerubo ni Mkenya mwenzangu, mhudumu wa wagonjwa, anakaa mji wa Hopkins kwenye zile fleti za zamani. Miezi miwili nyuma duka letu lilimuuzia bastola ndogo ya kubeba ndani ya mkoba. Alikuwa bado na sare ya kazi. Mkono mmoja amemshika mwanawe Jayden, wa miaka minne, na ule mwingine ameunyoosha mbele, mkoba unaning'inia kwenye vidole viwili kama mtu anayetoa panya aliyekufa nje.

"Mama Salma," aliniambia, "usiniulize mambo mengi. Iko na risasi."

"Ngapi?"

"Moja. Magazini ya risasi nimetoa, nimeacha kwa gari. Lakini ile moja iko ndani kabisa na siwezi kuifungua nitoe. Nimejaribu tangu jana mpaka kucha zikavunjika. Baba Jayden ako Texas na trela, anarudi Ijumaa. Na huyu," akamtingisha mtoto mkono, "jana nimempata ameingiza mkono kwa mkoba, anatafuta biskuti."

Jayden akajibu kwa Kizungu kwamba yeye hakuigusa, aligusa zipu tu.

Nikauchukua mkoba, nikaenda ukutani kwenye pipa la mchanga, ambalo kila duka la silaha linalo kwa kazi hiyo. Nikaitoa bastola, nikaelekeza mdomo wake mchangani, nikavuta gamba la juu. Risasi ikaruka, ikaanguka sakafuni, ikabingirika mpaka kwenye kiatu cha mteja mmoja. Kitu kidogo, kama kifuniko cha kalamu.

Brent, meneja wetu, akaja. Kitu cha kwanza alichofanya ni kumwonyesha Kerubo bango la mlangoni, kwamba hairuhusiwi kuingia na silaha yenye risasi. Kitu cha pili, alimwambia: "Mama, tunauza vile vyuma vya kubana, vya kuzoeza mkono. Rafu ya tatu." Wateja wawili wakacheka.

Nilimwambia Brent maneno ambayo siyaandiki hapa, kwa sababu karatasi hii itafika kwetu Kisauni, Mombasa, na mamangu atasomewa. Kisha nikavua beji, nikaiweka juu ya kioo cha kaunta, nikamshika Jayden mkono nikatoka naye.

Kwa hivyo nimestaafu. Nina miaka thelathini na moja. Hakuna aliyenipa saa wala keki. Nasikia tayari mmechukuliwa wasichana wawili mahali pangu, mmoja wa Tanga na mmoja wa Bukavu, kwa sababu duka linataka mtu wa kuzungumza na akina mama wa kwetu. Nyinyi ndio ninaowaandikia. Kizungu wateja hao wanakijua kuliko Brent. Mmewekwa hapo ili wakuaminini. Hilo lijueni kabla hamjapewa beji.

Siku yangu ya kwanza sikuwekwa kaunta. Niliingia kama mfagiaji wa uwanja wa shabaha ulioko nyuma ya duka. Kazi ni kukusanya maganda ya risasi kwa mfagio wa mpira, kupiga deki, na kubadilisha karatasi za shabaha. Nilimaliza kidato cha nne na sikuona aibu ya mfagio, ila nilishangaa kwamba watu walikuwa wakipiga kelele zile kwa hiari yao na kulipia. Siku ya pili mzee mmoja alinisimamisha nikitoka. Akatazama viatu vyangu.

"Unaenda navyo nyumbani?"

"Ndivyo nilivyo navyo."

"Una mtoto?"

"Mmoja, wa miaka mitano."

Akaingia stoo, akatoka na viatu vikuukuu vya mpira. "Hivi ni vya hapa. Vyako vibaki kabatini. Vumbi la humu lina risasi, yaani yale madini, na mtoto anayecheza sakafuni hulamba vidole." Huyo ndiye Dale, meneja wa kabla ya Brent. Kabla ya kuuza silaha alikuwa fundi wa mashine za kushonea kiwandani, na bastola alizitazama vivyo hivyo, kama cherehani. Hakuzipenda wala hakuziogopa. Alikula karoti mbichi kutwa, akasema ndiyo iliyomwachisha sigara.

Mwaka mmoja baadaye nilipomwambia nina mimba ya Hamza, alininyang'anya mfagio saa ile ile. "Vumbi hilo si lako tena," akasema, akaniweka nyuma ya kioo. Ndivyo nilivyopanda cheo. Mengine kuhusu vyeo hayana maana.

Wiki ya kwanza ya kaunta nilimpa mteja bastola huku mdomo wake ukikatiza tumbo langu mwenyewe. Dale alinishika kifundo cha mkono, akakigeuza taratibu ukutani, akaendelea kuzungumza na mteja kuhusu hali ya hewa. Mteja alipoondoka aliniambia, "Una watu wawili humo ndani. Wote wawili wafundishe." Sikurudia tena.

Sasa kazi yenyewe. Mtu akija kutaka bastola ya kubeba chini ya nguo, na kibali chake cha jimbo anacho, atakuta kwenye kioo trei tatu. Trei ya kwanza ni zile ndogo kabisa, zinaingia kwenye kiganja. Ya pili ni nyembamba za milimita tisa, ndefu kidogo, bapa. Ya tatu ni kompakti, nene zaidi, ambazo mkono wote unapata pa kushika. Pembeni kuna rivolva chache za silinda. Mtu wa mara ya kwanza, na mimi siku yangu ya kwanza nilikuwa hivyo hivyo, ataikimbilia ndogo. Anadhani ndogo ni laini, kama mtoto wa paka.

Si hivyo. Kukoki ni kuvuta lile gamba la juu la bastola mpaka nyuma kabisa na kuliachia, ndiyo risasi iingie ndani au itoke. Gamba hilo linashikwa na springi. Bastola kubwa ina gamba zito na springi ndefu, vinagawana kazi. Ndogo haina nafasi, kwa hivyo wameipa springi fupi ngumu, na gamba lenyewe halina pa kushika. Ukija kupiga, vidole viwili viko kwenye mpini na cha mwisho kinaning'inia hewani, na inaruka mkononi kama mtoto anayekataa kuvaa koti. Mtu hupiga raundi sita, anasema asante, harudi tena uwanjani. Halafu ndiyo hiyo anayoitegemea.

Rivolva haina gamba la kuvuta, na kwa hilo ni nzuri. Lakini triga yake, kile kichuma cha kufyatulia, ni nzito. Dale alikuwa na mizani ndogo ya springi, ya ndoano, mfano wa ile ya wauza samaki, akiipachika kwenye triga na kuvuta ili mteja aone kwa macho. Wengi walicheka mpaka walipojaribu kwa kidole.

Njia ya Dale ilikuwa hivi, na ndiyo ninayotaka mwichukue. Kwanza wewe mwenyewe fungua, tazama ndani, mwonyeshe mteja kuwa ni tupu. Pili mpe ikiwa wazi, gamba limebanwa nyuma. Tatu mwambie aifunge, halafu aikoki mwenyewe mara tano. Usimshikie. Usimwambie "hivi, hivi". Nilimuuliza kwa nini tano.

"Mara ya kwanza anavuta kwa aibu," alisema. "Ya pili anavuta kukuonyesha. Ya tano ndiyo mkono wake."

Na kama ya tano imeshindikana, rudisha trei hiyo, leta nyingine. Mara nyingi mwanamke aliyeshindwa na ile ya kiganjani aliikoki kompakti bila tabu, akatutazama kama tuliokuwa tukimficha kitu. Mama mmoja mwenye ugonjwa wa viungo, vidole vimepinda kama tangawizi, alikuja na karatasi ambayo wanawe wa kiume walimwandikia jina la bastola ndogo kuliko zote. Ilimshinda mara ya kwanza tu. Dale akamletea moja pana, ya springi laini. Akaikoki mara tano, ya sita akaongeza kwa raha zake.

"Wanangu walisema hii ni kubwa mno kwangu," akasema.

Dale akamjibu, "Wanao watanunua zao."

Waume wanaokuja kumnunulia mke zawadi, warudisheni nyumbani wakamlete. Mmoja aliniambia anaujua mkono wa mke wake. Nikamwambia auache hapa juu ya kioo basi, tuupime. Alirudi naye Jumamosi, na mke akachagua nyingine kabisa.

Jambo la pili ni nguo, na hapa Dale hakujua kitu, nilimfundisha mimi. Wanaume wana mkanda. Wanaweka ala, kile kifuko kigumu cha kuziba triga, kiunoni, wanateremsha shati, kwisha. Wateja wetu wanawake nusu walikuja na sare za hospitali, suruali ya kamba. Weka bastola pale uone kama suruali haikufiki magotini. Wengine wako kwenye dera, wengine baibui. Kwa hivyo wote wanaishia kwenye mkoba. Na mkoba wa mama ni duka la nyumba nzima: biskuti, chaja, tishu, pipi ya kikohozi. Hakuna mtoto wa kwetu anayebisha hodi kwenye mkoba wa mamake. Mimi mwenyewe sibebi, kwa sababu hiyo hiyo. Ninayo moja, iko kwenye sanduku la chuma chumbani, na namba yake Salma hajaijua ingawa simu yangu anaifungua.

Nikaanzisha boksi chini ya kaunta. Niliweka suruali ya sare ya kamba, dera, baibui, na koti zito la baridi. Mteja alikwenda chumba cha kubadilishia, akavaa nguo atakazovaa kweli, tukampa bastola ya mpira na ala. Anakaa, anainama, anafunga mkanda wa gari. Koti la Januari lilimaliza ubishi mwingi. Ukiwa umevaa glavu kidole hakipiti kwenye triga ya zile ndogo, na ukizivua mkono unaganda. Watu walikuwa wamejiona wakiitoa kwenye joto la Julai tu.

Kuna mkanda mpana wa mpira unaofungwa tumboni wenye mfuko wa bastola. Siku uliyofika dukani Dale aliugeuzageuza, hajui mwanamke ataufunga vipi chini ya nguo pana. Nikamwambia hicho ni mkaja. Nikamweleza kwamba kwetu mwanamke akizaa hufungwa kitambaa tumboni siku arubaini, na nikamwonyesha unavyozungushwa na unavyokazwa ubavuni ili usipande. Aliandika kwenye daftari lake. Tangu siku hiyo, Mmarekani akiuliza, Dale alikuwa akimwambia kwa uso mkavu, "Unafungwa kimombasa."

Na lazima muulize: ukifika kazini utaiacha wapi? Nyumba nyingi za wagonjwa haziruhusu. Wengi hawajafikiria. Wataiacha ndani ya gari, na gari linavunjwa. Muuzie sanduku la chuma lenye waya wa kufunga chini ya kiti, au mwambie ukweli kwamba kwa kazi yake huenda asiihitaji kabisa. Nimewahi kumwambia mtu hivyo. Dale alisikia, akanipa karoti.

Magoti yalimshinda Dale majira ya baridi mawili yaliyopita, akaenda kuishi kwa binti yake kaskazini. Akaja Brent.

Brent si mwizi na si mlevi, niseme haki. Anafika mapema, anajua kila bastola imetengenezwa wapi. Lakini aliona kwamba wanawake wengine wanajaribu mara tano, wanashindwa, wanaona haya, wanaondoka mikono mitupu. Badala ya kuwaletea trei ya tatu akabandika karatasi nyuma ya kaunta, upande tunaoona sisi tu. Iliandikwa kwamba mteja wa kike akokiwe bastola na mfanyakazi, akabidhiwe ikiwa wazi, asiombwe kuivuta, kwa sababu hilo ni jambo la kujizoeza nyumbani. Akapanga na kifurushi cha wanawake: ile ndogo kabisa pamoja na mkoba wa rangi ya zabibu wenye mfuko wake ubavuni. Boksi langu la nguo nililikuta nje kwenye pipa la taka, dera juu.

"Ilikuwa inaonekana kama mtumba," akaniambia.

"Ilikuwa inafanya kazi."

"Hawa ni wateja, si wanajeshi."

Sikuacha kazi siku hiyo. Nina watoto wawili na kodi ya nyumba, na nilijiambia kwamba Brent akigeuka nitaendelea na zangu kwa chini chini. Akienda chakula, nilimwacha mteja aivute. Akirudi, niliacha. Nilijihesabu mjanja.

Ndipo akaja Kerubo, mara ya kwanza. Kuna mtu alikuwa amemfuata mara mbili kutoka paking mpaka mlango wa fleti, alfajiri akitoka shifti. Alikuwa na hofu ya kweli na kibali cha kweli, na alikuwa hajalala. Brent ndiye aliyemhudumia, mimi nimesimama kando kama nilivyowekwa. Akatoa ile ndogo, akaivuta yeye, klaki, kwa mkono mmoja mkubwa kama sinia, akampa ikiwa wazi. Kerubo akaupenda uzito wake. Akaingiza ndani ya ule mkoba wa zabibu, akautia begani, akajitazama kwenye kioo. Halafu akanigeukia mimi. Aliacha Kizungu.

"Dada, niambie ukweli. Hii nitaweza?"

Brent alikuwa hatua moja kutoka kwangu, anatabasamu, haelewi neno. Ningeweza kumwambia Kerubo lolote. Ningemwambia, usiitoe hapa mpaka uivute mwenyewe. Ningemwambia, njoo kesho saa sita huyu akienda kula. Kwa lugha yangu, mbele ya macho yake, na asingejua.

Nikasema, "Utazoea."

Sijui kwa nini, na nimejiuliza sana. Ilikuwa karibu saa ya kumchukua Hamza. Kerubo alikuwa amechoka na nilitaka aende nyumbani na kitu. Brent ananitazama. Yote hayo ni kweli na hakuna hata moja linalotosha. Kerubo akatia sahihi fomu zake.

Nyumbani ilimshinda, kama nilivyojua. Mumewe akamkokea Jumapili, akamwambia sasa iko tayari, usiiguse. Na hapa ndipo penye kosa ambalo hamtalisoma kwenye kitabu chochote cha bastola, kwa sababu wanaoviandika hawakufikiria mtu kama huyo. Mwanamke asiyeweza kukoki hawezi kuitumia ikiwa tupu, kwa hivyo atamwomba mtu amwekee risasi ndani. Ikishaingia, hawezi kuitoa. Akitoa magazini anabaki na ile moja. Kwa hivyo bastola inalala na risasi, inaamka na risasi, inakwenda dukani kununua maziwa na risasi, ndani ya mkoba wenye biskuti. Si kwa sababu mama ni mzembe. Ni kwa sababu alipouziwa hakuna aliyemwacha avute.

Jumanne ile nilipotoka nje na Jayden, Kerubo alitufuata mpaka kwenye gari. Bastola ilikuwa tupu, magazini kando, nimemwonyesha mara mbili. Nikamwambia akae kiti cha nyuma, aielekeze sakafuni, aivute mara tano. Alivuta. Gamba lilirudi nusu likagoma. Alivuta kwa viganja, akavuta ameibana magotini. Jayden alikuwa mbele anapiga honi. Ya tano Kerubo hakuivuta, aliiweka tu mapajani.

"Mama Salma," akasema, "si uliniambia nitazoea?"

"Nilikudanganya."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Mimi wagonjwa wangu wakiniuliza kama sindano itauma, huwa nawaambia itauma." Nilimwomba aniachie bastola, akakataa, akasema kwangu haachi tena kitu. Alikuwa na haki. Akaenda nayo, tupu, risasi zake zote nimezifunga kwa mfuko wa karatasi akaziweka buti, na Ijumaa mumewe alinunua sanduku la chuma kwingine.

Mimi nilirudi nyumbani, na hasira haikushuka kwa siku tatu. Nilifua kila kitu, hata mapazia. Siku ya nne nilikaa mezani nikaandika. Niliandika kwa Kizungu, Salma akanisahihishia tahajia, akaniuliza kwa nini nimejiandika mimi pia. Nikamwambia asahihishe tahajia tu. Nakala moja niliipeleka kwa mkono kwa mwenye duka, mama anayekaa mji wa Maplewood, ambaye huja Savage mara chache sana. Alinifungulia mlango, akaipokea, nikamwomba atie sahihi ya kupokea na akatia. Nakala ya pili nilituma kwa ofisi ya jimbo inayopokea malalamiko ya wanunuzi, kwa fomu yao. Maneno ni haya, nimeyarudisha Kiswahili ili myasome kama ningewaambia:

*Mimi nilikuwa mfanyakazi wa kaunta katika duka lako kwa miaka mitano na mfagiaji kwa mwaka mmoja. Nalalamika kuhusu utaratibu uliobandikwa nyuma ya kaunta, unaokataza mteja wa kike kukoki bastola kabla ya kuinunua. Picha ya karatasi hiyo nimeiambatisha.*

*Kwa sababu ya utaratibu huo mama mmoja aliuziwa bastola asiyoweza kuifungua. Ilikaa na risasi ndani ya mkoba wake, na mtoto wake wa miaka minne aliingiza mkono humo. Hakuna aliyeumia. Hilo si sifa ya duka. Ilikuwa bahati. Mama huyo alipoileta dukani, alichekwa. Jina lake sikuliandika hapa, ataliandika mwenyewe akitaka.*

*Kwenye sehemu ya wafanyakazi waliohusika, naandika majina mawili. La kwanza ni la meneja, aliyebandika karatasi na aliyefanya mauzo. La pili ni langu. Mteja aliniuliza kwa Kiswahili kama ataiweza, nilijua hataiweza, nikamwambia atazoea. Hakuna aliyenilazimisha kusema hivyo.*

*Sidai kurudishwa kazini. Nadai karatasi hiyo itolewe. Nadai kila mteja, mwanamume kwa mwanamke, apewe bastola tupu na aikoki mwenyewe mara tano kabla ya kutia sahihi. Nadai mama huyo abadilishiwe bastola yake kwa nyingine atakayoweza kuifungua, au airudishe kama haitaki tena.*

*Mwisho, nadai duka limpigie simu kila mwanamke aliyeuziwa bastola tangu karatasi hiyo ibandikwe, aulizwe swali moja: unaweza kutoa risasi iliyoko ndani wewe mwenyewe, peke yako? Majina yamo kwenye fomu zenu. Wale wanaozungumza Kiswahili naomba niachiwe niwapigie mimi, bila malipo. Walinunua mbele yangu.*